Mtaa mpya uitweje? Jina la ardhi, la mkubwa, la herufi, la kampuni au la kituo cha daladala

Miji yetu inazaa vitongoji haraka kuliko tunavyowahi kuvipa majina. Shamba la mikorosho linapimwa, bikoni zinachimbiwa, watu wanaanza kumwaga misingi, na hata nguzo ya umeme haijafika tayari kuna kamati, kuna kundi la WhatsApp, na kuna ugomvi: hapa paitweje? Mmoja anataka jina la rais. Mzee aliyeuza shamba anataka jina la bonde libaki. Na hakosekani kijana ambaye ameshapaandika kwenye ramani ya Google kwa jina alilotunga mwenyewe, lenye neno "Heights", ingawa ni bondeni.

Ninaandika kwa ajili ya kamati za namna hiyo, na kwa kampuni zinazonunua mashamba, kuyakata viwanja na kuyabatiza. Majina ya vitongoji vyetu karibu yote yanaingia katika mafungu matano au sita, na kila fungu limeshajaribiwa mahali fulani, Dar es Salaam, Dodoma, Unguja au Nairobi. Kwa hiyo si lazima kubahatisha. Tunaweza kuangalia lililofanya kazi na lililoachwa.

Vipimo vyangu ni vitatu. Cha kwanza ni konda: je, jina linaweza kuitwa mara tatu kwa pumzi moja mlangoni mwa daladala, na abiria akajua hapo ndipo anaposhuka? Cha pili ni karatasi: je, jina linaelewana na hati, leseni ya makazi na maombi ya mkopo? Cha tatu ni amani: je, wenyeji na wahamiaji wataweza kulitamka bila kununiana? Cha kwanza ndicho kizito kuliko vyote, na sioni haya kusema hivyo. Jina ambalo konda hakulikubali halipo, hata kama lina kibao cha bati na sahihi ya mkurugenzi.

Jina linalokuja na ardhi

Tuanze na lile ambalo wapimaji hulikuta. Michenzani ya Unguja ni mfano ninaoupenda. Maghorofa yale marefu yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa ramani zilizochorwa na watu ambao pengine hawajawahi kumenya chenza. Wangeweza kuyaita lolote la kimapinduzi. Jina likabaki la michenza, na hakuna aliyehangaika kulifuta.

Mtumba ni vivyo hivyo. Julai 2016 serikali ilipotangaza kwamba safari hii inahamia Dodoma kweli, ilihitaji mahali pa kuweka wizara zote pamoja, na Aprili 2019 mji wa serikali ukazinduliwa katika kata iliyokuwa tayari inaitwa Mtumba, upande wa barabara iendayo Dar es Salaam. Utani haukukosekana, kwamba wakubwa wanahamia kwenye nguo za mitumba. Leo ukisoma anwani za wizara unakuta "Mji wa Serikali, Mtumba", na pengine unakuta "Magufuli City". Lakini mtu mwenye miadi wizarani saa mbili asubuhi anamwambia bodaboda neno moja tu: Mtumba.

Nguvu ya jina la ardhi ni kwamba limewahi. Lilikuwepo kabla ya mpimaji, kabla ya kamati, kabla ya konda wa kwanza kushusha abiria wa kwanza. Hakuna wa kulipinga, na wenyeji wanajisikia wamebaki hata kama mashamba yao yamekwenda.

Shida yake ni mbili. Ya kwanza, ardhi inaweza kuwa na majina ya asili zaidi ya moja. Nenda Gezaulole, Kigamboni. Pale palikuwa na Mbwamaji, makazi ya kale ya Waswahili, watu wa bahari na makaburi ya mawe. Wakati wa ujamaa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kikaanzishwa kijiji na kupewa jina la Kizaramo, Gezaulole, yaani jaribu uone. Mwaka 2002 ulipoanza Mradi wa Viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, jina lililopanda kwenye michoro ya mipango miji ni Gezaulole, na ndilo wanalolijua watumishi waliokwenda kununua nyumba huko. Mbwamaji bado limo midomoni mwa wenyeji. Sasa lipi ndilo la asili? Inategemea unamuuliza nani, na ameishi hapo tangu lini. Kamati isimalize kazi kwa mzee mmoja. Waulizeni watatu wasiokuwa ndugu, na mmoja wao awe mama, kwa sababu wanawake ndio waliokuwa wakichota maji na kuokota kuni huko, na mara nyingi wanajua jina la kila kijito na kila kichaka.

Shida ya pili ni jina la ardhi kuvutwa kama mpira. Dar es Salaam ina Mbezi mbili. Moja iko barabara ya Bagamoyo, karibu na bahari. Nyingine iko barabara ya Morogoro, mbele ya Kimara. Kila siku kuna mgeni aliyepanda gari siyo.

"Mbezi, Mbezi, Mbezi! Wawili tu!"

"Kaka, ni Mbezi Beach?"

"Ya Kimara, dada. Ya Beach vuka barabara, panda ya Tegeta. Haya, Mbezi, Mbezi!"

Madalali nao wanamaliza kazi. Mbezi Beach inapandishwa mlima hadi mahali ambapo upepo wa bahari haujawahi kufika, na kiwanja kinatangazwa kuwa "Mbezi Beach upande wa juu". Goba nayo sasa inavutwa kila upande. Kwa hiyo mkichagua jina la ardhi, chukueni dogo: la kijito, la mwembe, la kilima kimoja. Msichukue jina kubwa la kata nzima na kulibandikia neno pembeni, kwa sababu mtabaki mkia wa mahali pengine miaka yote.

Jina la mkubwa

Hapa watu hupandisha sauti kwenye mikutano, kwa hiyo niende kwa ushahidi.

Nairobi, wakati wa vita vya Mau Mau, waliuawa viongozi wawili wa Kiafrika waliokuwa maarufu katika siasa za mji: Tom Mbotela, Novemba 1952, na diwani Ambrose Ofafa, mwaka 1953. Majina yao yakapewa mitaa ya nyumba za Waafrika huko Eastlands. Mbotela ikaitwa Mbotela tu, na mpaka leo ni Mbotela. Jina la Ofafa likagawanywa vipande: Ofafa Jericho, Ofafa Maringo, Ofafa Kunguni. Kilichotokea ni kwamba watu wa Jericho wanasema Jericho, na wa Maringo wanasema Maringo. Ofafa kabaki zaidi kwenye maandishi.

Angalia tofauti hiyo vizuri, kwa sababu ndiyo inayoamua. Jina la mtu likisimama peke yake, fupi, mahali ambapo hapakuwa na jina jingine mdomoni, linaganda. Likiwekwa kama kofia juu ya jina jingine, watu huvua kofia.

Ndiyo maana kituo kikuu cha mabasi cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 2021 kinaitwa kwa jina la Hayati Magufuli, na abiria wa Mwanza anamwambia mpwa wake aje kumpokea Mbezi Luis, au stendi ya Mbezi. Hakuna dharau hapo. Mbezi Luis ilikuwepo kabla ya stendi. Barabara zina bahati tofauti: Samora ya Dar es Salaam iliitwa Unter den Akazien na Wajerumani, ikawa Acacia Avenue kwa Waingereza, ikawa Independence Avenue, na sasa ni Samora, na watu wanasema Samora bila shida. Barabara inaweza kubadilishwa jina kwa sababu ni chache zinazoanzia na kuishia nyumbani kwa mtu. Mtaa ni nyumbani kwa watu, na hawabadilishi anapokaa mama yao kwa tangazo.

Kuna aina nyingine ya jina la mtu, ile ya "kwa". Mbezi kwa Msuguri, Mtoni kwa Azizi Ally, Tandale kwa Mtogole, Mwananyamala kwa Kopa. Hizi hazikupitishwa na kikao chochote. Zilitoka chini: mtu alikuwa na nyumba, duka au heshima, na abiria wakawa wanashukia kwake. Nyingi zimeishi kuliko majina ya wakubwa, na sababu ni ileile, ziliwahi.

Msimamo wangu: jina la kiongozi lipelekeni kwenye barabara kuu ya mtaa wenu, au shule, au zahanati. Likiwa la mtu aliye hai, hata barabara ningesubiri. Na kama mnamtaka mtu kwa jina la mtaa mzima, basi liwe neno moja, na muwe mmelipitisha kabla ya nyumba ya kumi kuezekwa.

Herufi na namba

Watu huzidharau kuwa hazina roho. Mimi naziona zimeonewa.

Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliundwa mwaka 1973 kuijenga Dodoma na ikavunjwa mwaka 2017. Kati ya vilivyobaki baada yake ni Area A, Area C na Area D. Muulize mkazi wa Area D kama anaona aibu kukaa kwenye herufi. Hana habari. Nairobi, Dandora ilijengwa miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia: mtu anapewa kiwanja chenye maji na choo, anamalizia nyumba mwenyewe. Ikajengwa kwa awamu, na kila awamu ikageuka jina. Makanga, yaani konda wa huko, anaita "Phase Four" kama anavyoita jina lolote la kikwao, na vijana wa huko wanajitambulisha kwa awamu zao.

Sinza nayo ilizaliwa kwa mpango wa aina hiyohiyo wa viwanja na huduma, miaka hiyohiyo, ikagawanywa A mpaka E. Lakini mwambie dereva "nipeleke Sinza E" uone atakavyogeuka kukutazama. Atauliza: Mori? Kumekucha? Makaburini? Palestina? Madukani? Herufi za Sinza zipo kwenye ofisi za serikali za mitaa na kwenye karatasi za kura. Mdomoni zilishindwa na baa, hospitali na makaburi.

Kwa nini Dodoma na Dandora zilishinda, Sinza zikashindwa? Jibu langu ni kwamba kule mpimaji alifika mahali patupu, akaandika herufi, na kwa miaka hapakuwa na jina jingine la kushindana nalo. Sinza ilijaa haraka, magari yakapita katikati, vituo vikajitaja vyenyewe. Herufi haikuwa na la kuonyesha kwa kidole. Mori unaona, baa unaona, E huioni.

Kwenye karatasi lakini herufi hazina mpinzani. Soma tangazo lolote la mnada la benki gazetini. Hutakuta "nyumba ya ghorofa karibu na Tangi Bovu". Utakuta kiwanja namba fulani, Kitalu fulani, Mbezi Medium Density. Hilo la mwisho hakuna konda aliyewahi kulitamka, na ndilo lenye hati. Mnunuzi asiyejua kwamba Mbezi Beach ya mdomoni inaweza kuwa Mbezi Medium Density ya karatasini, siku ya kufanya upekuzi ofisi ya ardhi atadhani anaibiwa, au ataibiwa kweli.

Jina la kampuni

Hili ndilo linalokua kwa kasi. Fumba Town ya Unguja, Tatu City ya Kiambu, Avic Town ya Kigamboni, Safari City ya Mateves nje ya Arusha. Town, City, Village, Park. Jina linatungwa kabla ya barabara kuchongwa, linapakwa kwenye ubao mkubwa wenye picha ya familia inayocheka kando ya bwawa la kuogelea, na ndilo linalouza.

Sitaki kulikejeli moja kwa moja. Lina faida ambayo majina mengine hayana: linakuja na mpaka. Fumba Town unajua inapoanzia na inapoishia, kuna geti, kuna wa kumlalamikia taa zikizimika. Mtanzania aliye Muscat au Minneapolis anayenunua nyumba kwa simu anaweza kulitafuta mtandaoni akaliona. Tatu City, yenye takribani ekari 5,000 zilizokuwa mashamba ya kahawa, inauzwa kwa wawekezaji kama mji, siyo kama shamba.

Lakini tazama jinsi jina hili linavyoazima. Fumba ni kijiji cha zamani kwenye ncha ya rasi, kusini magharibi mwa Unguja. Fumba Town iko upande wa Nyamanzi, kabla hujafika Fumba yenyewe. Mgeni anayeambiwa "nipo Fumba" sasa lazima aulize ipi. Na mwenyeji wa kijijini, ambaye jina lilikuwa lake, ndiye anayeambiwa ajieleze. Kampuni zingeweza kuepuka hili bila gharama, kwa kutumia jina la mahali penyewe waliponunua. Hawafanyi hivyo kwa sababu jina kubwa linavutia zaidi.

Hatari nyingine ni mradi kukwama. Kigamboni kuna Dege Eco Village, uliotangazwa kuwa na nyumba 7,460 na kisha ukasimama katikati, maghorofa yakabaki yametoa macho. Jina likabaki likimaanisha kitu ambacho hakuna aliyekikusudia. Mtaa wa kawaida ukichelewa barabara, jina lake halipati doa. Jina la tangazo linabeba ahadi, na ahadi isipotimia linachekwa.

Ajabu ni kwamba majina ya kampuni yakitolewa na watu, si na kampuni, yanaganda vizuri tu. Mbagala Zakhem imechukua jina la kampuni ya ujenzi. Buguruni Sheli ni kituo cha mafuta. Hakuna aliyelipa tangazo. Kariakoo yenyewe, ya Dar es Salaam na ile Kariokor ya Nairobi, ni jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, lililokunjwa na ndimi za watu mpaka likawa letu.

Jina la matumaini

Nipite haraka hapa. Azimio ya Temeke, Umoja ya Nairobi, Mji Mpya ya Morogoro, Jericho na Jerusalem za Eastlands. Haya ni mazuri kwenye kikao, kila mtu anapiga makofi, na ndiyo maana yanajirudia nchi nzima. Nina pingamizi moja tu kwa kila jina lenye neno "mpya": muda. Mji Mpya ya Morogoro ni ya zamani sasa. Kimara Mwisho, nayo, siyo mwisho wa chochote, magari yanapita kwenda Kibaha.

Kundi hili lina ndugu yake, jina la kuazima kutoka mbali. Soweto liko Moshi, liko Mbeya, liko Kayole ya Nairobi. Soweto ya Johannesburg ilipewa jina hilo mwaka 1963 baada ya mashindano ya miaka kadhaa, na ni kifupi tu cha maneno yanayomaanisha vitongoji vya kusini magharibi. Kwetu lilikuja na moto wa mapambano, na Biafra ya Kinondoni vivyo hivyo. Majina haya yameshika, lakini yaliletwa na vijana mitaani, hayakuletwa na kamati. Kamati ikijaribu kuwa na ujana, inachekesha.

Ukiyapanga ubavu kwa ubavu

Kwa konda, linaloongoza ni jina la ardhi na lile la "kwa fulani". Herufi zinafaulu kama hazina mpinzani. Jina la kampuni linafaulu kama kuna geti moja na kituo kimoja. Jina la mkubwa linafaulu likiwa neno moja, na lile la matumaini linafaulu mpaka ligundulike kwamba mji mmoja una Majengo, Sokoni na Mwembeni za kutosha.

Kwa karatasi, herufi na namba ziko juu na zitabaki juu. Jina la ardhi linafuata, maana ndilo aghalabu limo kwenye mchoro wa mipango miji. Jina la kampuni ni la kuchunguza: mkataba wa kuuziana unaweza kuandikwa jina la mradi, huku hati ikiandikwa kijiji au kata. Jina la "kwa" halina kitu kwenye karatasi.

Kwa amani, la mkubwa ndilo lenye kesi nyingi, na la kampuni lina kesi ya kimya kimya ya wenyeji walioachwa nje ya geti. La ardhi linaonekana tulivu, ila likifukuliwa linaweza kuibua nani alikuwa wa kwanza na nani aliuza shamba la ukoo. Herufi haina ugomvi. Sijawahi kusikia mtu amegombana na C.

Kwa bei ya kiwanja, la kampuni ndilo linalopandisha kwa muda mfupi. Baada ya hapo bei hufuata lami na maji, jina halina mchango.

Basi mchague lipi

Kama eneo lenu bado ni pori na nyumba ni za kuhesabu, mna uhuru wote, na mna muda mfupi. Chukueni jina la kitu kidogo kilichopo hapo hapo, la ardhi, lisilotumika kwenye kata jirani. Wekeni kibao barabarani kabla kijiwe cha bodaboda hakijaanza, kwa sababu kijiwe kikianza kitajiita chenyewe, na mnaweza kujikuta mnaishi "Kwenye Tope" kwa vizazi vitatu. Msicheke. Unguja kuna Mchambawima, na watu wanaishi huko kwa heshima zao zote.

Kama mmechelewa na konda ameshapaita, likubalini lake isipokuwa kama ni tusi. Kamati nyingi hupoteza nguvu hapa. Wanapitisha jina zuri la maadili, wanatengeneza mhuri, na miaka kumi baadaye barua za mtaa zina jina moja na wakazi wana jingine. Ni afadhali muokoe mhuri.

Kama ni eneo lililopimwa na halmashauri, kila kitalu kikiwa na herufi, msizitupe. Zigeuzeni ngazi ya chini: jina moja la mtaa, kisha vitalu kwa herufi zake, kisha namba za nyumba. Barabara za ndani ndizo za kugawia kila mwenye hamu. Hapo weka kiongozi, weka mti, weka mwalimu aliyeanzisha shule. Tangu Operesheni ya Anwani za Makazi iliyozinduliwa Februari 2022, kabla ya sensa ya Agosti mwaka huo, kila barabara inatakiwa kuwa na jina na kila nyumba namba, kwa hiyo nafasi za kuwaenzi watu si haba. Wajumbe wanaogombania jina la mtaa mmoja hutulia wakijua kuna barabara kumi na tano zinazosubiri.

Na kama ninyi ni kampuni, uzeni kwa jina lolote mnalotaka, lakini kwenye mkataba andikeni kijiji au mtaa, kata, kitalu na namba ya kiwanja kama vilivyo kwenye ramani ya upimaji. Mnunuzi naye asisaini bila hayo.

Kabla ya kuchora kibao

Kwa Tanzania, tofautisheni mambo mawili. Eneo kupewa jina ni jambo la wakazi, na linaweza kuishia kwenye mkutano wa mtaa na kamati ya maendeleo ya kata, likaingia kwenye anwani za makazi. Kuanzisha mtaa mpya wa kiutawala, wenye mwenyekiti wake na mtendaji wake, ni safari nyingine: kutoka mkutano wa wakazi kwenda kata, baraza la madiwani, vikao vya wilaya na mkoa, hadi kwa waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, yaani tawala za mikoa na serikali za mitaa, na Gazeti la Serikali. Mara nyingi mitaa mipya huonekana rasmi kwenye orodha inayotangazwa kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao wa mwisho ulifanyika 27 Novemba 2024. Msiwaahidi watu ofisi ya mtaa mwaka huu kwa sababu tu mmepata jina.

Muhtasari wa mkutano ndio roho ya jambo zima. Uwe na jina lililopendekezwa, mipaka iliyotajwa kwa vitu visivyohama, yaani mto, reli au barabara, siyo "hadi kwa mzee wa nazi", na orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Pendekezeni majina mawili, la pili likiwa akiba, maana la kwanza linaweza kukutwa limeshachukuliwa kata ya jirani.

Hati zilizokwishatolewa hazibadiliki kwa sababu mtaa umebadilika jina. Kama hati yako inasema Kitalu F, Bunju, itaendelea kusema hivyo, na hakuna haja ya kuipeleka kurekebishwa. Utakapokwenda benki, beba barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa inayotaja jina jipya pamoja na namba ya kiwanja na kitalu vilevile vilivyo kwenye hati, ili afisa mikopo aone kwamba ni sehemu ileile.